Ngazi ya nje na ngazi ya ndani: kisa cha Grenfell tulivyokipima hapa Kanyenye

Ilianza na picha kwenye simu. Jamaa mmoja wa kijiwe chetu cha kahawa hapa Kanyenye, Tabora, alileta picha ya gari la zimamoto la London, jekundu, refu, mgongoni limebeba ngazi iliyojikunja kama kreni, na chini wameandika ikinyooka yote inafika mita 64. Basi mada ikawaka. Wengi wakawa wanasema sasa hivi Tabora maghorofa yanaota kila kona, tukiletewa moja tu ya hizo tumemaliza kazi, mtu akikwama juu anachumwa kama embe. Pembeni yangu alikua amekaa mzee wetu mmoja, dereva mstaafu wa malori makubwa, kimya muda wote mpaka kahawa yake ikapoa, halafu akauliza swali moja tu, "Sasa wanangu, hilo gari miguu yake litaikanyagishia wapi?"

Hakuna aliyemjibu vizuri. Mimi ni fundi ujenzi, na mpwa wangu, mtoto wa dada, amepanga ghorofa ya tatu kwenye jengo moja hapa mjini, kwa hiyo lile swali nililala nalo. Nikawaambia nitakitafuta kisa kilichowafanya London wanunue ngazi ndefu namna ile, nikisome mpaka mwisho, halafu nirudi kijiweni. Nimerudi, na nimeona niandike kabisa maana kuongea tu watu wanasahau.

Kisa chenyewe ni cha jengo la Grenfell, magharibi mwa London. Jengo la makazi, ghorofa 24, urefu mita 67 na kidogo, wakazi wengi watu wa kawaida na wahamiaji kutoka nchi nyingi. Usiku wa Juni 14 mwaka 2017, siku ya Jumatano, ndani ya mwezi wa Ramadhani, friji ilishika moto jikoni kwenye nyumba moja ghorofa ya 4. Mwenye nyumba akapiga simu saa 6:54 usiku. Zimamoto wakafika ndani ya dakika kama tano hivi, yani kwa spidi hauna cha kuwalaumu. Wakapanda, wakajipanga, wakaingia na mpira wa maji, wakazima moto wa jikoni. Kwa kawaida hadithi ingeishia hapo, watu wangerudi kulala na asubuhi wangesimuliana.

Ila moto ulikua umeshatoka dirishani. Na huko nje ukakuta chakula.

Hapa wenzangu mafundi nawaomba mtulie. Lile jengo lilikua la zege, la miaka ya 1970, ila mwaka 2016 lilimalizwa kukarabatiwa, wakalivalisha nje vibao vya alumini lipendeze na lisipoteze joto. Vibao vya aina ile ndo hivi hivi mafundi wa alumini huku kwetu wanaviita alukobondi, karatasi mbili nyembamba za alumini na katikati moyo. Viko vya aina nyingi, vingine moyo wake haushiki moto kirahisi, lakini vya Grenfell moyo ulikua plastiki tupu, polietilini, yani ukiuwasha unayeyuka unadondoka huku unawaka, na kile kinachodondoka kinawasha na kule chini. Nyuma ya vibao kuna uwazi, na uwazi uliosimama wima kwenye moto ni bomba la moshi, hewa inavuta kwenda juu yenyewe. Kwenye bajeti ya ukarabati kulikua na mpango wa kutumia vibao vya zinki, wakabadili wakaweka hivi vya alumini kupunguza gharama, inatajwa kama pauni laki tatu pungufu kidogo. Mimi nimewahi kukaa kwenye vikao vya bajeti ya ujenzi, najua sentensi ya "tupunguze hapa" inavyosemwa kwa upole, na hakuna mtu pale mezani anayejiona anaua.

Sasa angalieni dakika, maana kisa chote kimo kwenye dakika. Saa 6:54 simu. Kama saa 7:08, 7:09 hivi moto umeshatoka nje na umeanza kupanda ukutani. Saa 7:27 umefika juu kabisa kwenye paa. Kutoka ghorofa ya 4 mpaka juu kabisa kwa chini ya dakika 20! Mtu mzima akipanda zile ngazi kwa miguu huku amebeba vifaa vya zimamoto, sidhani kama anauwahi ule moto.

Na gari la ngazi? Wakati ule utaratibu wa London kwa moto wa jengo refu ulikua kutuma magari manne ya kawaida ya kuzima moto. Gari la ngazi halikuwemo kwenye orodha ya kwanza. London walikua nayo magari ya ngazi, siyo kwamba hawakuwa nayo, yalikua ya mita 30 hivi, na yapo kwenye vituo vyake na madereva wake wamelala na viatu pembeni. Ila hakuna karatasi iliyosema simu ikija ya ghorofa refu na lenyewe litoke moja kwa moja. Mpaka msimamizi pale chini alipoona hali na kuliita kwa redio, la kwanza likafika zaidi ya nusu saa baada ya ile simu ya kwanza, na kwa hesabu ya hapo juu mnaona wenyewe, moto ulikua umeshafika paa. Baadae wakaazima lingine la mita 42 kutoka kikosi cha jirani, Surrey, maana London nzima haikuwa na refu kiasi kile, nalo likafika masaa kadhaa baadae, watu waliokua wa kuokolewa wengi ama wameshatoka ama wameshakufa. Jumla walikufa watu 72.

Hapa ndo kijiweni walianza kubishana tena, kuna aliyesema basi si unaona, wangekua na ngazi ndefu wangeokoa wote. Hapana. Twende na hesabu.

Ngazi ya mita 30 haifiki mita 30 juu, labda uisimamishe wima imegusa ukuta, na haiwezekani, gari lazima likae mbali kidogo na jengo, vitu vinadondoka vinawaka na miguu inahitaji nafasi. Ni ile hesabu ya pembetatu ya fomu two. Gari likikaa mita 10 kutoka ukutani, ngazi ya mita 30 inagusa kama mita 28. Likikaa mita 20, inagusa mita 22 tu, na hapo sijasema kwamba ngazi ikilala sana kompyuta ya gari inakataa kuirefusha kwa sababu gari litapinduka. Kwa hiyo pale Grenfell ile ya mita 30 ingekomea ghorofa ya 10 hivi, nyumba zilizobaki juu yake ni zaidi ya nusu ya jengo. Hata hii mpya ya mita 64 waliyonunua, ukiiweka mita 20 kutoka ukutani inapata kama mita 60 na ushee, na jengo lina 67. Halafu jengo lina pande nne na lilikua limezungukwa na majengo mafupi na njia za miguu, upande wenye nafasi ya gari kubwa kusimama ulikua wa mashariki. Aliyekua dirishani upande wa pili, ngazi kwake ni sawa na haipo. Na kikapu cha juu kinabeba watu wachache sana kwa mara moja, kupanda na kushuka ni dakika, wakati mle ndani walikua watu karibu mia tatu.

Nafikiri, na haya ni maoni yangu kama fundi siyo kama mtu wa zimamoto, kazi kubwa ambayo ngazi ingefanya usiku ule siyo kuchuma watu. Ni maji. Ngazi ina bomba kubwa pale juu, inamwaga maji kutoka nje na kwa urefu, na ile saa 7:09 mpaka 7:15 moto ulikua bado mstari mwembamba ukutani, ndani ya uwezo wa ngazi ya mita 30. Dakika sita hizo. Kama gari lingetoka pamoja na yale manne ya kwanza lingekua pale limeshaweka miguu chini linasubiri. Labda lingepunguza, labda ukuta ule wa plastiki ungelishinda vilevile. Ila angalau lingekuwepo wakati bado lina kazi.

Kilichookoa watu na kilichoua watu kilikua ndani. Jengo la ghorofa 24 lilikua na ngazi moja tu ya zege, upana wake kama mita moja, watu wanashuka na zimamoto wanapanda humo humo na mipira ya maji imelazwa imeshikilia milango wazi, moshi unaingia. Lifti walishindwa kuishika, ile swichi ya zimamoto ya kuitawala lifti haikufanya kazi. Na jambo linaloniuma kuliko yote, wakazi waliambiwa wabaki ndani. Huo ndo ulikua utaratibu wa majengo marefu kule, kwa sababu jengo la zege likijengwa vizuri moto unatakiwa uishie kwenye nyumba ulipoanzia, ukibaki ndani na mlango umefungwa uko salama kuliko kwenye moshi wa ngazi. Utaratibu mzuri kabisa kwa jengo ambalo ukuta wake hauungui. Watu wanapiga simu kutoka ghorofa za juu wanaambiwa kaeni, tunakuja. Waliokuja kuokoka wengi ni waliokaidi wakashuka mapema, na wapo walioamshwa na majirani waliokua macho kwa ajili ya daku. Ile amri ya kubaki ndani ilikuja kubadilishwa saa 8:35 usiku. Ripoti ya kwanza ya uchunguzi, ya Oktoba 2019, chini ya jaji Martin Moore-Bick, ilisema ilitakiwa ibadilishwe kati ya saa 7:30 na 7:50. Lisaa lizima watu wamekaa vyumbani wanangoja.

Kwa Kiswahili tunasema ngazi kwa vyote viwili, ile ya kubeba na ile ya kujengwa. Ndo maana pale kijiweni tulibishana saa nzima bila kujua kwamba tunaongelea vitu viwili. Tulikua tunaiota ngazi ya nje, na Grenfell iliamuliwa na ngazi ya ndani.

New York nao nimewaangalia kidogo, mji wa maghorofa marefu kuliko yote tunayoyaona kwenye muvi, wana vikosi 143 vya magari ya ngazi, na ngazi zao za kawaida ni futi 100, yani mita 30 tu. Siyo kwamba wameshindwa kununua ndefu. Juu ya hapo moto unazimwa kutokea ndani, kwa lifti inayotii zimamoto, kwa bomba la maji lililojengwa humo humo kwenye jengo, na kwa ngazi za zege zilizokingwa moshi. Marekani wanaliita jengo refu likizidi futi 75, kama mita 23, na namba hiyo imetokana na huko huko, kwamba kuanzia hapo usitegemee tena gari kukufikia kutoka nje, jengo lijitegemee.

Baada ya Grenfell London walibadilisha mambo mawili ya ngazi. La kwanza halikuhitaji kununua chochote, ndani ya siku chache tu waliandika upya orodha, moto wa jengo refu sasa unatoka na gari la ngazi toka simu ya kwanza. La pili ndo lile la kwenye picha, mwaka 2021 wakaingiza matatu ya mita 64, yakatajwa kuwa na ngazi ndefu kuliko zote Ulaya kwa wakati ule. Matatu kwa mji wa watu karibu milioni tisa. Mimi naliona lile la kwanza kuwa kubwa zaidi, japo halipigwi picha. Na nje ya zimamoto, Uingereza walipiga marufuku vibao vinavyoungua kwenye makazi ya zaidi ya mita 18 mwaka 2018, na baadae wakaamua majengo mapya ya makazi yanayozidi urefu huo lazima yawe na ngazi mbili za ndani.

Sasa turudi Tabora.

Tulienda watatu, mimi, yule mzee na kijana wa bodaboda, jioni, na futi kamba, mpaka kwenye jengo anapokaa mpwa wangu. Jengo ni ghorofa nne, halifiki hata mita 15, maduka chini, juu ofisi na vyumba vya kupanga. Kwa urefu ngazi ya mita 30 inatosha na kubaki, kwa hiyo hoja ya kununua ndefu ikafa hapo hapo. Tukapima chini. Kutoka ukutani kuna baraza la maduka mita 3 na paa la bati limetokeza, halafu mtaro umefunikwa na vifuniko vya zege, halafu barabara. Gari la ngazi likisimama linafungua miguu pembeni kama kreni, upana wa mita 5 hivi kwenda juu, na uzito wote wa gari na ngazi na watu walioko juu unaenda kwenye ile miguu minne. Mzee akasimama kwenye kifuniko kimoja cha mtaro, kikacheza. Kikacheza kwa uzito wa mzee wa watu! Akasema yeye aliwahi kuona mguu wa kreni ukizama kwenye mtaro namna hiyo, kreni yote ikalala. Basi upande wa mtaro hapana, lisogee katikati ya barabara. Katikati ya barabara juu kuna waya za umeme zimekatiza kuelekea nguzo ya upande wa pili, na ngazi ya chuma na waya za umeme haviendi pamoja mpaka umeme ukatwe, na kukata ni simu nyingine na dakika nyingine.

Tukapiga na hesabu ya maji. Tuseme gari limekuja na lita 5,000. Mpira wa kawaida ukitoa lita 500 kwa dakika unazo dakika 10. Lile bomba la juu ya ngazi likitoa lita 2,000 kwa dakika, unazo dakika mbili na nusu, baada ya hapo uwe na pa kuvuta mengine jirani. Maji ya Ziwa Victoria yamefika Tabora na ni neema kubwa, watu wa hapa tunajua tulikotoka, ila kuwa na maji bombani na kuwa na sehemu ya gari kuchomeka mpira mtaani kwako ni vitu viwili. Tulizunguka lile eneo na yule kijana wa boda kutafuta sehemu ya namna hiyo. Ndani ya mwendo wa dakika tano hatukuiona.

Lakini hayo yote nayaona madogo kwa tulichokikuta juu. Madirisha yote yana grili. Nondo zimechomelewa kwenye fremu, hazifunguki, kila chumba, mpaka ghorofa ya nne ambako mwizi angefikaje sijui. Hata London wakituazima yale matatu yote, yakapata pa kusimama na umeme ukakatwa, askari atafika dirishani kwa mpwa wangu watatazamana kwenye nondo. Ngazi ya ndani ni moja. Pale chini ina geti la chuma, linafungwa na kufuli saa nne usiku, ufunguo anao mlinzi, na mlinzi usiku anazunguka nyuma kwenye mali za maduka. Chini ya ngazi wamepanga majiko mawili ya gesi, magodoro ya zamani na pikipiki moja ina mafuta kwenye tenki. Mpwa wangu akaniambia, "Mjomba, mbona majengo mengi ndo yako hivi?" Na ni kweli, nimejenga mengine mwenyewe, nimechomelesha grili za hivyo kwa mikono ya vijana wangu na nikalipwa, na mteja akanishukuru.

Namba ya zimamoto Tanzania ni 114, haina gharama. Niliuliza kijiweni, tulikua saba, waliokua wanaijua wawili.

Simaanishi Tabora isipewe gari la ngazi. Ikija nitafurahi, na vijana wetu wa zimamoto wanastahili vifaa, kazi yao wanaifanya kwa moyo. Nachosema ni mpangilio wa madai. Mtu aliyeko ghorofa ya tatu leo usiku hawezi kulala anasubiri bajeti ya gari, lakini kufuli lile linaweza kubadilishwa kesho.

Nilimtafuta mwenye jengo. Sikuenda kwa ubishi, nilienda na yule mzee kwa sababu wanaheshimiana, tukakaa, nikamwelezea Grenfell kama nilivyowaelezea hapa, zile dakika moja moja. Alisikiliza. Wasiwasi wake ulikua wizi, na ni wasiwasi wa kweli, aliwahi kuvunjiwa. Tukakubaliana hivi, grili zibaki, ila kila chumba dirisha moja likatwe liwekwe bawaba na komeo la ndani lisilo na kufuli, la kufungua kwa mkono. Geti la chini libadilishwe kitasa, kutokea nje lazima ufunguo, kutokea ndani unazungusha tu. Pikipiki ilale uani. Mitungi ya gesi itoke chini ya ngazi. Vifuniko vya mtaro hivyo siyo vyake, nimeandika barua ya mtaa na wapangaji wameanza kusaini.

Fundi wa kuchomelea anakuja Jumamosi asubuhi. Ataanzia ghorofa ya nne anashuka, kwa mpwa wangu atafika mchana, na mzee amesema atakuwepo kuyajaribu yale makomeo taa zikiwa zimezimwa, aone kama mtu anaweza kulipata kwa kupapasa.